Kunde Tatu Nyuma ya Majani

Mama yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake unakata kuliko mkasi wake. Nyuma ya jiko amepanda kunde ndefu, zile zinazoliwa na maganda yake zikiwa bado laini. Zinapanda kwenye kamba alizozifunga kwa vipande vya nguo za wateja. Mbegu alizitoa kwenye kabati la bibi, mama yake, wiki aliyofariki.

Baba alipostaafu, Mama alimkabidhi bustani kwa kelele.

"Chuma kila asubuhi! Ukiacha hata moja ikomae, mmea unaona kazi imeisha, hautoi tena."

Baba akashika neno. Hakuna anayeudhi kama mtu mtiifu.

Msimu huu fukusi waliingia kwenye kopo la mbegu, wakabakiza unga. Bustanini lilibaki shina moja. Mama akaficha kunde tatu nyuma ya majani zikauke, zirudi koponi. Hakumwambia mtu. Kwake, mwenye akili haambiwi.

Jumamosi alirudi kutoka kazini akakuta shina tupu. Baba alikuwa mezani, meno yote nje.

"Bibie, kumbe kuna tatu zilinipita machoni! Zimeanza hata kuwa njano. Nimezichemsha mpaka zikalainika."

Mama alifunua sufuria, akachopoa mbegu moja, ikapondeka vidoleni. Akabamiza mfuniko sakafuni mpaka nikaruka.

"Umempika mama yangu!"

"Asante ya punda mateke," Baba alisema. "Si wewe uliyesema nisiache hata moja?"

Niliwakasirikia wote wawili: huyu kwa masikio yake, yule kwa ulimi unaosema kila kitu isipokuwa kinachotakiwa.

Siku tisa Mama alimwekea Baba chai kwa kuigongesha mezani. Siku ya kumi lile shina, kwa kuwa lilichumwa, likatoa ua. Ua lilipoanguka kikabaki kikunde chembamba kama sindano. Mama akakifunga kitambaa, akashika kiuno.

"Hii ni mbegu ya marehemu mama. Hakuna nyingine. Iguse uone, utalala na kuku!"

Baba aliinama kukitazama.

"Miaka yote hii hukuwahi kuniambia zilikuwa za mama. Ningezilinda mimi mwenyewe."

Mama aliingia ndani, akakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika, na safari hiyo hakumlaumu mtu.