Pochi Nyembamba ya Baba

Baba alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na pochi yake. Ilikuwa nene, imechakaa pembe, imejaa kadi ya kliniki, kitambulisho na tikiti za basi ambazo hakuna aliyejua anaziwekea nini. Kila alipoinama kurukuu ilimtoka kwenye mfuko wa kanzu ikaangukia mswala. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kucheka tu, lakini Baba alikuwa mwalimu wa chuo. Alisomesha watoto Kurani katika chumba kimoja cha ghorofani katikati ya mji, na watoto hao waliswali nyuma yake. Pochi ikidondoka walikufa kwa kicheko, naye akarudi nyumbani kwetu mtaa wa Woodley, Nairobi, amenuna.

"Nataka kitu chembamba, mwanangu," aliniambia. "Kikae hapa kifuani, kisinitoke mbele ya Mola wangu. Na kiwe madhubuti, maana sitanunua kingine tena."

Hilo la mwisho halikunipendeza. Daktari alikuwa ameshatueleza habari ya moyo wake: asipande ngazi kwa haraka, asibebe vitu, asijichoshe kwa kuinama na kuinuka. Baba aliyasikiliza hayo kwa adabu, kisha akaendelea na swala zake za sunna kama kawaida. Mama alikuwa amefariki, na ndugu yangu mdogo alikuwa na kazi yake na marafiki zake, kwa hiyo kazi ya kumkemea Baba ilikuwa yangu. Nilikuwa fundi wa kukemea. Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, nilikuwa karani wa kupiga taipu ofisini, na hata wakubwa zangu waliniogopa kidogo.

Tulikwenda mtaa wa Biashara Jumamosi moja, Maulidi yamekwisha kusomwa. Baba alichagua pochi kama anavyochagua nazi. Aliitikisa, akainusa, akaikunja, akaipitishia ukucha aone kama itachubuka. Hii nene. Hii imeshonwa ovyo. Hii uzi utafumuka kabla ya Ramadhani. Nilikuwa nimevaa viatu vya visigino na miguu inaniwaka moto, nikamwambia kwamba tunatafuta pochi, hatutafuti mchumba. Akaomba aonyeshwe nyingine.

Mwenye duka naye alichoka, akafungua kabati la kioo akatoa nyingine. Ilikuwa ya kahawia, laini, nyembamba kuliko zote tulizoziona.

"Mzee, hii mali ya Ulaya. Wewe utachoka, hii haichoki."

"Ngozi kweli?" Baba akauliza.

"Ngozi safi kabisa. Hakuna plastiki hapa."

Mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna aliyeuliza ngozi ya nini. Kwetu sisi watu wa pwani ngozi ilikuwa ya ng'ombe au ya mbuzi, na anayeuliza zaidi tungemdhania ana mzaha. Baba akaitia kifuani, akarukuu pale pale dukani, mikono magotini, mbele ya wateja. Haikutoka. Nilimwona akitabasamu huku ameinama, na hasira zangu zote zikaniishia.

Ikakaa kifuani mwake, swala tano kila siku, mpaka mwezi wa Rajabu. Jioni moja mvua ilimkuta kituo cha basi, akafika nyumbani amelowa chepechepe. Nikamvua kanzu, nikamlaza, nikaipeleka pochi jikoni kuianika. Kwenye kijifuko cha ndani, cha kuwekea stempu, bitana ilikuwa imebanduka kwa maji. Chini yake palikuwa na maneno madogo ya Kiingereza yaliyopigwa kwa rangi ya dhahabu: ngozi halisi ya nguruwe.

Niliyasoma tena na tena, kwa matumaini ya kijinga kwamba yatabadilika.

Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Kwetu ngozi hiyo haitakasiki hata itengenezwe vipi, na aliyeswali nayo mwilini bila kujua, siku atakayojua inampasa azirudie swala zile. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nami nikiwa mtoto niliikariri hukumu hiyo kwa sauti bila kudhani itanihusu. Maana yake ni swala zote tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi tulipoinunua. Maana yake ni kuinama na kuinuka, kwa mtu ambaye daktari alikuwa amemkataza. Na nikinyamaza, atakwenda kwa Mola wake akitegemea swala ambazo, kwa elimu yake mwenyewe, hazipo. Niliogopa pande zote mbili.

Ndugu yangu aliporudi kutoka kazini nilimwonyesha. Yeye alikulia hapa Nairobi, na maneno yake yalikuwa ya hapa.

"Wachana na hiyo maneno, dada. Si unajua moyo yake vile iko? Tunachoma hii kitu, tunamnunulia ingine, basi."

"Mwalimu ni yeye. Si mimi, si wewe."

"Sasa unataka afe akirudia swala?"

Nilimchukia kwa swali hilo. Nilikuwa bado naikodolea macho pochi Baba aliponiita kutoka chumbani. Alitaka kujua kama pochi yake imepona.

Nilimwambia. Sikuweza kumtazama usoni nikamdanganya, na sijui kama huo ulikuwa ushujaa au udhaifu. Akanitaka niyasome maneno yale kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. 

"Nani mwingine anajua?"

"Ndugu yangu. Yeye alitaka tukufiche."

Akainuka, akatoka nje hadi kwenye bomba, akaomba udongo. Akaosha mikono mara saba, moja kwa udongo, kuondoa najisi ya nguruwe kama alivyowafundisha watoto wa chuoni. Nami nikaosha yangu kando yake, kwani niliishika ikiwa imelowa. Maji yalikuwa ya baridi sana.

Tangu jioni hiyo kila alipomaliza swala ya fardhi alisimama tena kulipa moja ya zile za nyuma. Nilimsihi aswali ameketi. Akasema kuketi ni kwa asiyeweza kusimama, na yeye bado anaweza. Asubuhi ilikuwa kweli. Kufika alasiri alikuwa akishika ukuta.

Siku moja ya Shaabani nilirudi kutoka ofisini nikamkuta kwenye mswala, amesujudu na hawezi kuinuka. Nikamshika chini ya makwapa, nikampakata kama mtoto, huku namgombeza na kulia kwa pamoja.

"Nduguyo alinihurumia," akasema, pumzi zikimkatika.

Nikangoja aseme mimi nilimfanyia nini.  Akanishika bega, akaniomba nimsimamishe, kwa sababu swala ile ilikuwa imevunjika kwa kusema nami, na ilimbidi aianze upya. Nikamsimamisha.