Simu Ilisema Nipo Porini

Jumatano, mwezi wa nne. Mvua ilianza alfajiri, ikapumzika mchana, alasiri ikarudi na upepo. Ilikuwa hivi hivi siku ile, ndiyo maana leo nimepata moyo wa kuandika.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, si ya kusimuliwa. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisinzia garini. Sikusinzia. Niamini, ukitaka.

Nilikuwa natoka Kilosa kurudi nyumbani Mikumi. Kwenye simu nilikuwa na ile programu ya usalama wa abiria, aliyoniwekea binti yangu Neema baada ya vijana fulani kuitangaza stendi. Ukiwa safarini, nduguyo anakuona kwenye ramani kama kidoti chekundu. Ukibonyeza kitufe, simu yake inalia kwamba unaomba msaada. Basi. Makondakta wanaoshika wanawake wameachwa na mikono yao, sisi tukapewa kitufe.

Baada ya Zombo akapanda msichana mmoja, sare ya shule, mkavu kabisa ilhali nje mvua inamwagika. Akakaa kando yangu. Nikangoja shikamoo yangu. Nina wajukuu mimi. Yeye ananitazama tu, kama anayedai heshima yake. Nikajiandaa kumsema. Nilipofungua mdomo, kilichotoka ni "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa sauti ya kizee.

Kondakta akaangua kicheko. "Leo bibi kapata bibi yake!"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Halafu msichana akanyoosha mkono. "Niazime simu, mwanangu." Sasa ungefanya nini? Nimekwisha kumwamkia. Mtu uliyemwamkia unamnyimaje? Nikampa. Hakupiga popote. Aliipapasa kwa dole gumba, akanirudishia ikiwa ya baridi kama imetoka mtungini. Karibu na kuingia Mikumi, upande wa hifadhi ambako hakuna hata kibanda, akashuka. Dereva simlaumu, abiria akisema shusha, anashusha.

Mbele kidogo gari likanasa kwenye tope, mtandao hakuna, tukasukuma mpaka tukachoka. Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi, jiko linawaka, Neema hayupo. Jirani akapaza sauti: "Wewe si unaomba msaada? Mwanao amekimbilia porini kukufuata!"

Pori lenyewe la simba na tembo. Nikampigia.

"Neema, uko wapi?"

"Nani wewe? Mpe mama simu yake!"

"Ni mimi mama yako, nipo nyumbani."

"Muongo! Mama namwona kwenye ramani, yuko mbele yangu, anatembea. Mmemfanya nini?"

Nikaapa, nikalia, nikamtaja baba yake. Wapi! Aliamini kidoti, hakuamini sauti yangu. Namsikia anahema, majani yanamchapa miguuni. Hapo ndipo uvumilivu ukaniishia.

"We Neema! Umeacha maharage yanaungua, kuku wameingia kwenye unga, halafu unazurura! Unarudi, au nikufuate na mwiko?"

Majani yakaacha kuchapa. Kisha: "Mama?"

"Una mama mwingine?"

Akageuka. Anasema alipogeuka, kidoti nacho kikageuka, kikamfuata mpaka barabarani.

Nilikwenda stendi kuwauliza wale vijana. "Mama, programu haikosei," mmoja akaniambia. "Inaonyesha simu ilipo. Labda ulibonyeza vibaya." Simu ilikuwa mkobani mwangu! Haki niseme: binti wa jirani kitufe hicho kilimwokoa kweli, kondakta alipomfuata hadi mtaani. Sikatai. Lakini kikifanya vizuri ni sifa yao, kikikaribia kuniulia mwana ni dole langu?

Tumeifuta kwenye simu zote mbili. Hata hivyo kila jioni simu ya Neema hulia: mama anaomba msaada. Nami nipo mbele yake napepeta mchele.

Kwa hiyo wewe unayesoma, iweke hiyo programu ukitaka. Lakini usimfuate ndugu yako kwa ramani peke yake. Mpigie, mchokoze mpaka akugombeze kama anavyokugombeza siku zote. Na simu yako usimpe mtu, hata kama umemwamkia.

Jioni hii tumekula ugali na mlenda. Simu ililia katikati. Neema akaweka tonge chini, akaja kunigusa bega, akarudi kula.