Kikombe cha Muuguzi

Mke wa seremala alikuwa mpishi wa shule, na kila mchana watoto walilamba sahani zake mpaka zikang'aa. Aliyekikataa chakula chake ni mumewe peke yake. Saratani ilikuwa imemmaliza misuli hadi saa yake ikawa inateleza mpaka kwenye kiwiko, na randa hakuweza tena kuisukuma. Mkewe akipika supu, huku akiimba kama kawaida yake, bwana aliisogeza pembeni. "Nimeshiba, mama watoto."

Ameshiba nini? Hewa?

Hospitali, alikoingizwa kwenye majaribio ya dawa ya kurudisha misuli, mambo yalikuwa mengine. Kila Jumanne alimeza vidonge, akaminya chuma cha kupimia nguvu za mkono, kisha akanywa uji wa unga maalumu. Wifi mtu, aliyekuwa akimpeleka na kumsubiri nje, alirudi na sifa: kikombe kimetoka kitupu! Tena kuna muuguzi mmoja mpole, mzuri huyo, ndiye anayemnywesha.

Mpishi akambatiza muuguzi Bibi Kikombe. Wivu ukamshika. Miaka yote hii kapika yeye, leo uji wa pakiti ndio mtamu! Akanunua kikombe kama cha hospitali, akalainisha sauti: "Haya baba, kidogo tu." Mumewe akamuuliza kama anaumwa koo.

Jumanne iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akajipaka wanja, akaenda. Alimpita wifi yake benchini na kusukuma mlango bila kubisha, matusi yakiwa tayari mdomoni.

Mumewe alikuwa ameinamia beseni, anatapika. Muuguzi alimshika paji la uso, sare yake imechafuka. Uji wote ulikuwa umerudi.

"Ni kila mara, mama," muuguzi akasema. "Tunapima kilichorudi, tunamwanzishia tena kidogo kidogo. Nilimwomba akueleze, akakataa."

Badala ya kupoa, wivu wa mpishi ukapanda, akamgeukia mumewe. "Kwa hiyo huyu unamtapikia, mimi huwezi?"

Seremala alijifuta mdomo. "Uji wao haunihusu," akasema. "Chakula chako unakipika ukiimba. Nikikitapika mbele yako, utaacha kuimba."

Mpishi akampokonya muuguzi beseni. "Niachie. Huyu ni wangu."

Jioni aliweka mezani supu, na kando yake beseni. Seremala alivitazama vyote viwili, kisha akaomba kijiko.