Siku Shangazi Alipoficha Mfuko wa Babu

Nakumbuka vizuri ile Jumapili wakwe wa shangazi walipotujia kwetu Ndalu kumjulia hali babu yangu, maana nusura tumzike kwa ajili ya adabu zetu. Keti, mwanangu, chai bado haijachemka. Baba yako anatoka hospitali kesho na mpira wa mkojo, na wewe ndiwe utakayemtunza. Weka simu kando kwanza.

Babu alizibwa mkojo na tezi dume, tukamkimbiza hospitali ya Kitale, akawekewa mpira wa kuutoa mkojo hadi kwenye mfuko. Aliporudi, mimi ndiye niliyemhudumia. Kwetu mke wa mwana hamsogelei baba mkwe hivyo, lakini mjukuu wa kike ni mtani. Babu aliniita bibi yake, nami nilimjibu kwamba mume anayevuja simtaki. Sista wa Kitale alikuwa ametuonya kwamba mfuko ukae chini ya kiuno cha mgonjwa wakati wote, ila usiguse sakafu. Nikapigilia ndoano ubavuni mwa kitanda, nikautundika hapo.

Sasa shangazi yangu, binti wa babu, alikuwa ameolewa Kiminini, na siku hiyo alikuja na wakwe zake. Akaona mkojo wa baba yake unaning'inia mbele ya mama mkwe. Wee! Mimi nikiwa jikoni nahangaika na kuku, akaunyanyua mfuko, akaulaza kando ya kifua cha mzee, akaufunika blanketi. Na wakwe hawana haraka, unawajua. Wakala, wakaomba, wakasimulia mahindi ya Endebess shamba kwa shamba, wakaomba tena. Nilipoingia na maji ya kunawa nikaona ndoano tupu, nikamtazama shangazi, naye akanitolea jicho. Mbele ya wakwe ningesema nini? Muda huo wote mkojo ulikuwa unarudi ulikotoka, na vijidudu vyake.

Kesho yake babu alitetemeka chini ya blanketi zote za nyumba, akawa anamwita mama yake aliyekufa zamani. Mkojo uligeuka mzito, unanuka. Niliogopa, mwanangu. Shangazi alilia mpaka sauti ikakauka. Tukamrudisha Kitale, wakambadilishia mpira, wakamdunga dawa, na polepole akaturudia na utani wake.

Wakwe waliposikia, wakaja tena. Na shangazi, ungeamini? Mkono ukaanza kunyemelea ule mfuko! Babu akamshika mkono. Hakupaza sauti.

"Binti yangu, mficha uchi hazai. Si afadhali wakwe zako waone mkojo wangu leo, kuliko waje kuona jeneza langu?"

Kisha akawageukia wageni. "Wakwe, huu ni mkojo wangu. Utazameni, mmalize, tunywe chai."

Mama mkwe wa shangazi, mama wa kanisa mwenye heshima zake, akauangalia mfuko, akamwangalia mumewe, akasema taratibu, "Hata huyu wangu anaamka usiku kucha na mkojo hautoki. Ati anaona haya kusema." Mzee wa watu akainua macho kwenye mabati kana kwamba anatafuta panapovuja. Babu akacheka mpaka nikahofia mpira utachomoka. Wiki hiyo hiyo yule mzee alipelekwa kupimwa, na alilima shamba lake miaka mingi baadaye.

Kwa hivyo, mwanangu, wageni wakija, mfuko ubaki pale pale chini. Ukitaka kumstahi baba yako, ushonee kifuko cha kitambaa, lakini usiupandishe. Nawa kwa sabuni kabla ya kuushika na baada, hata kama unajiona msafi. Msafishe kila siku pale mpira unapoingilia, usiuache ujikunje, wala usiutenganishe na mfuko wake. Mpe maji ya kunywa kadiri daktari alivyoruhusu. Ukiona homa au mkojo umechafuka, usingoje maombi yaishe, mpeleke huku mkiomba njiani. Na kila ukienda kliniki uliza, "Bado anauhitaji?" Mpira si pete ya ndoa bana, ukimaliza kazi utolewe.

Mungu akupe mikono safi na uso mkavu mbele ya wakwe. Amponye baba yako, aende chooni mwenyewe kama zamani, na siku hiyo mnichinjie kuku.