Mama Kimya na Profesa wa Mfuniko

Chuo kizima kilimwita Mama Kimya, na jina hilo alilipata kwa jasho. Kazi yake ilikuwa kukodisha uvumbuzi wa maprofesa kwa makampuni, na adui yake mkubwa alikuwa mdomo wa profesa. Mtu anavumbua kitu leo, kesho anakipayuka mkutanoni kabla hakijasajiliwa. Kampuni ikishakisikia bure, ya nini tena kulipa?

Ndiyo maana profesa mmoja alipobuni mfuniko wa kuzuia maziwa yasifurike, Mama Kimya alimkalia kooni tangu mwanzo.

"Usimwambie mtu, kaka. Hata wifi yangu nyumbani asijue."

Usajili ukakamilika, wakaja mabwana wa kampuni ya vyombo. Profesa akaketi mbele yao, ametulia kama maji ya mtungi.

"Haya, waeleze," akasema Mama Kimya.

"Si ulinikataza?"

"Sasa mfuniko umesajiliwa. Sema, baba, nakuomba."

Profesa akafunguka. Alieleza mvuke, akaeleza vitundu, mpaka wageni wakatoa kalamu wenyewe. Mama Kimya akashusha pumzi.

"Na huu si kitu," profesa akaendelea, maneno yamemkolea. "Kuna mwingine bado hatujausajili, ambao ukiupachika hivi..."

Hakumaliza. Mama Kimya alishainuka na kumziba mdomo kwa kiganja.

Mkataba ulisainiwa palepale. Yeye alisaini kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado kazini.