Tundu Dogo Kwenye Pikapu ya Mikate

Saa tatu asubuhi, jua limeshaingia nusu ya gereji, na Fundi Polepole ameinamia meza ya chuma akiwa na drili mkononi. Mbele yake kimebanwa kisahani cha shaba, upana wake kama mdomo wa kikombe. Anatoboa kidogo, anapuliza vumbi, anachungulia, kisha anatikisa kichwa.

"Bado," anasema. "Lakini nikipitiliza, nimekwisha. Kingine kama hiki sijui nitakipata wapi."

Kisahani hicho ni cha throto, mlango wa kupitishia hewa kwenda kwenye injini. Pikapu yenyewe ni ya mumewe, mwokaji mikate, ambaye amekaa juu ya tairi kuukuu akisubiri, mikate ikiwa tayari imepakiwa. Yeye hana neno. Na hilo, kwa mujibu wa mkewe, ndilo tatizo lake.

Jina la Polepole mama huyu alipewa na majirani, kwa kuwa ukimwachia gari kwa kazi ya saa moja, ujiandae kurudi nyumbani kwa miguu. Wanalalamika, lakini wanarudi. Kwa wiki hupokea magari manne au matano, na theluthi ya anachopata huishia kwenye kodi ya gereji kabla hajanunua hata sabuni ya kunawia grisi.

Mkasa wa pikapu ulianza kwa mapenzi. Gari lilikuwa likiishiwa nguvu kwenye kilima cha kuelekea shule ya bweni, mteja mkubwa kuliko wote wa mwokaji. Basi mume aliposafiri kwenda kumjulia hali mama yake, mke akafungua injini.

"Nilitaka kumfanyia sapraizi," anasema, akicheka kwa aibu.

Akabadilisha kemshafti, chuma kinachofungua na kufunga vali za injini, akaweka nyingine iliyotoka kwenye gari la mbio. Kilima kikawa si chochote. Ila gari likisimama tu, sailensi, yaani mwendo wa injini bila kukanyagwa mafuta, inavurugika: mngurumo unapanda, unashuka, mlango unagongana na fremu yake, mara injini inazima. Na ikishazima ikiwa bado ya moto, kuwaka tena ni mpaka ijisikie.

Mume alirudi, akaendesha, akashuka. "Iko vizuri sana, mke wangu," akasema. Akaendelea kusema hivyo hivyo kila jioni.

Kilichomuumbua ni kiatu. Siku moja mkewe alikuwa akivipiga rangi viatu vya mumewe, akaona soli ya mguu wa kulia imelika ukingo mmoja tu. Fundi hakuhitaji kuelezwa. Mumewe alikuwa akisimama popote anakanyaga breki kwa vidole, huku ubavu wa mguu ukikanyaga mafuta ili injini isizime.

"Nililia," anasema bila kuficha. "Mtu anateseka namna ile na ananisifia! Bora angenigombeza."

Wiki hiyo hiyo, pikapu ilisimama kupisha gari katikati ya kilima, ikazima, na wanafunzi wakanywa chai kavu. Msimamizi wa jiko akasema wazi kwamba wakichelewa tena, atatafuta mwokaji mwingine. Kurudisha kemshafti ya zamani nako ni kurudi kushindwa na kilima. Leo ndiyo siku ya kujua mbivu na mbichi.

Mara ya kwanza fundi alikaza skrubu ili kisahani kibaki wazi zaidi na hewa iongezeke. Hapo alijikwaa. Kompyuta ya gari ikadhani dereva amekanyaga mafuta, na sailensi ikazidi kuwehuka. Ndipo akaamua kukirudisha kisahani mahali pake na kukitoboa tundu, hewa ipite humo.

Anatoboa tena, unene wa kijiti cha kiberiti. Anafunga throto, anawasha, kisha anakwenda kukaa kiti cha abiria na kufumba macho.

"Wengine wanasikiliza kwa masikio," anasema. "Mimi nasikiliza kwa makalio. Kiti hakidanganyi."

Kiti kinatetemeka. Anashuka, anafungua tena, anaongeza tundu kidogo sana. Safari hii, akikaa, kiti kimetulia. Kisha anamwita mumewe: "Baba, twende zetu."

Kilima wanakipanda bila kubembeleza. Getini mwa shule mwokaji anateremka, anashusha kreti moja baada ya nyingine, na pikapu inanguruma peke yake, imetulia. Mkewe ameushika mlango kama anayemshika mtoto anayejifunza kusimama.

Mwokaji anarudi kwenye usukani. Anakohoa kidogo. "Ile sapraizi yako ilikuwa mbaya sana, mke wangu."

Fundi Polepole anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mwandishi wa makala haya, aliyepanda nao, anapomuuliza ana mipango gani mbele, hazungumzii gereji kubwa wala mashine mpya.

"Watu wote wa mtaa huu wananiletea malalamiko yao," anasema. "Ninachoomba ni mume wangu naye aanze."

Mwokaji anageuza gari na kuanza kuteremka. Wanakaribia kufika chini ya kilima ndipo anapofungua kinywa.

"Chai yako. Sukari inazidi."

"Tangu lini?"

"Tangu harusi."