Idi ya Cherehani Moja

Mume wangu hakujua kusema hapana. Kuna watu wanaoumwa mgongo, yeye aliumwa ndiyo. Umpelekee kitambaa leo, umwambie unakitaka keshokutwa, atakuitikia ndiyo, na mwenzako aliyekuja asubuhi naye keshaambiwa ndiyo hiyohiyo. Tulikuwa na cherehani moja, barazani kwetu Biryogo, na kila Ramadhani ikielekea mwisho tulizomewa na nusu ya mtaa. Mtu anafuata kanzu yake, kumbe haijakatwa hata shingo, na bwana anatabasamu: "Kesho, inshallah." Aibu nabaki nayo mimi, maana yeye akimwona mteja mkali anajipenyeza uani.

Basi mwaka ule, vita viko kaskazini na mji umejaa bariyeri, vizuizi vya askari barabarani, akahamia jirani ng'ambo ya barabara. Fundi kama sisi, ila huyu alikuwa na cherehani sita, vijana wa kuzishonea, pasi ya umeme, na redio ya kuwaburudisha wateja. Bei yake ilikuwa chini ya yetu. Wateja wetu wakaanza kuvuka mmoja mmoja, wengine wakitusalimia kwa heshima zote huku kitambaa kiko kwapani.

Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Na hilo ndilo lililonikera zaidi. Siku moja, Shaabani ikiwa ukingoni, alikuja akakaa kwenye mkeka wetu, akanywa chai yetu, akamsifu mume wangu kwamba mkono wake wa kukata kola hauna mwenzake mjini. Kisha akasema lililomleta. Idi ikipita, mume wangu abebe cherehani yake avuke, awe fundi wake wa saba, apate mshahara wake kila mwezi na kichwa kitulie. Niliiona midomo ya mume wangu ikiitengeneza ile ndiyo yake. Nikadakia, "Tutakujibu baada ya Idi, shemeji."

Alipoondoka nikapandisha. Nilimwambia mume wangu kwamba niliolewa na fundi mwenye baraza lake, na wallahi sitampelekea chakula kwenye baraza la mtu. Akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akaniuliza taratibu tutamshindaje yule. Kwa bei ametuweza, kwa wingi ametuweza, kwa haraka ametuweza. Alisema kweli, na mimi huwa sipendi mtu akisema kweli wakati nina hasira.

Nikamkumbuka mama mmoja wa Kabeza. Gauni moja tu la kitenge lilimleta kwetu mara tatu, na kila mara apite bariyeri, aonyeshe kitambulisho, ajibu maswali, afike aambiwe kesho, arudi mbio kabla giza halijaingia. Ile mara ya tatu alikaa kwenye ngazi yetu akalia kwa hasira. Bei hakuwahi kuilalamikia hata siku moja. Alichokuwa anakililia ni siku aliyoahidiwa. Hapo nikajua tutauza nini. Tutauza siku.

Nikapiga misumari ukutani, mingi kadiri ya nguo ambazo mtu mmoja anaweza kuzishona bila kusema uongo, na hesabu yangu ilitaka kila kitu kiwe kimeondoka kabla ya siku ya ishirini na tisa ya mfungo. Kitambaa kikipata msumari, kinapata na siku yake. Misumari ikijaa, basi. Tena kanzu na magauni ya kitenge tu. Mwenye suti, mwenye mapazia, mwenye sare za shule nilimwonyesha mwenyewe mlango wa jirani, na watu wakaanza kuulizana kama nina akili timamu. Lakini jirani angeniigaje? Vijana wake sita lazima wale, hawezi kumrudisha mtu.

Binti yangu alikuja kusomea biashara miaka mingi baadaye, akanieleza kwamba huo unaitwa mkakati. Unachagua utakachofanya, na zaidi unachagua utakachoacha, ili uwe na kitu ambacho mshindani wako hawezi kukuiga bila kujiumiza. Nilifurahi sana kusikia kina jina zuri hivyo. Wakati ule kilikuwa kinaitwa kiburi cha mke wa fundi.

Nikawa nakaa mlangoni mwenyewe, uso mkavu. Wifi yangu alikuja na kitambaa chake cha buluu, misumari imejaa, nikamrudisha, akanuna mpaka Idi Kubwa. Mume wangu alikuwa anajitia hamnazo, kichwa kimeinamia sindano. Nikadhani kaelewa. Kumbe wapi! Mfungo ulipofika katikati, mto wake wa kitandani ukaanza kunenepa. Nikaingiza mkono, nikatoa vitambaa vitatu, amevipokelea mlango wa nyuma. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena. Nikamwambia avirudishe yeye mwenyewe, mkono kwa mkono. Alienda akijikokota, akarudi jasho linamtoka na macho yamemtoka, kwa sababu hakuna aliyempiga. Mmoja wao hata alimshukuru kwa kumwambia mapema.

Nguo zikaanza kuondoka, kila moja siku yake. Yule mama wa Kabeza alikuja mara moja tu, akakuta gauni limepigwa pasi, akalivaa palepale juu ya nguo zake, akajizungusha barazani, akaondoka jua likiwa bado juu. Siku ya ishirini na tisa ukuta ulikuwa mtupu. Mume wangu hakujua aweke wapi mikono yake, nikamwambia ajishonee kanzu, maana Idi zote tangu anioe alizisali na kanzu ileile ya zamani. Akaishona huku anaimba kimyakimya. Jamani, nilikuwa na furaha.

Ng'ambo, jirani alikuwa amewaahidi watu wote siku ya thelathini. Jioni ileile ya ishirini na tisa, futari haijashuka vizuri tumboni, mtaa ukalipuka: mwezi umeonekana. Dakika chache baadaye baraza lake lilifurika watu, na kanzu nyingine hazina hata mikono. Akavuka barabara, tepu shingoni, akamwambia mume wangu mbele ya wote, "Ndugu yangu, beba cherehani yako uje unisaidie. Leo tu."

Mume wangu akionekana kwenye benchi la jirani leo, kesho ndiye fundi wa saba. Na kumkatalia mtu katika hali ile, mkesha wa Idi, ni ubaya. Nikafungua mdomo. Mume wangu akanyanyua mkono kunizuia, mara ya kwanza tangu anioe.

"Hapana," alisema, kwa upole uleule anaosemea ndiyo. "Cherehani yangu haivuki. Niletee kanzu ninazoweza kuzimaliza usiku huu, na vijana wawili wa kutia vifungo. Wenye kanzu hizo waambie wazichukulie hapa kwangu, alfajiri."

Jirani aliwatazama wateja wake, akatutazama sisi, akakubali. Akazibeba kanzu kwa mikono yake mwenyewe, akavuka nazo, mtaa mzima ukimwangalia. Mimi nikashindwa kujizuia, nikapiga vigelegele, na watu wakadhani ni vya mwezi.